Mbuta yangu iliyopanda tuktuk

Kabla mnicheke, jueni kwanza mimi ni mtu wa Nakuru. Ziwa letu sisi ni la flamingo na watalii, mambo ya ndoano hatukufunzwa. Lakini nimekaa Kisumu miaka sita sasa, nimeoa huku, na kila nikikaa na wazee wa mke wangu wakianza stori za samaki mimi nabaki nikipuliza chai ambayo ilipoa kitambo.

Sasa binamu yangu wa Mombasa akanitumia fimbo ya kuvulia, ile ndefu iko na kigurudumu cha kuzungusha uzi. Huko kwao wanasimama tu mchangani wanarusha mshipi upite pale mawimbi yanavunjikia, halafu wanangoja. Akanifunza kwa simu vile nitafunga ndoano na ile risasi ya kuizamisha, yeye anaiita chubwi, na mimi nikajiona nimehitimu.

Jumamosi moja tukatoka saa kumi na moja alfajiri kuenda Dunga, mimi, Kinyozi, Fundi wa simu na Mwalimu. Wote wa kuja kama mimi, hakuna hata mmoja alizaliwa karibu na maji. Kwa nini asubuhi? Kwa sababu asubuhi upepo unatoka nchi kavu unaenda ziwani, kwa hivo unakusukumia mshipi mbali na magugu maji yanakaa huko nje. Ikifika mchana upepo unageuka, yale magugu yanaweza kurudi yakafunga ufuo wote ukadhani ni shamba la sukuma wiki. Hiyo ndio kitu pekee tulijua, na tuliisema karibu mara ishirini njiani.

Tukafika bado giza. Fundi akakataa kushuka karibu na maji juu ya kiboko. Tukamcheka, lakini kusema ukweli hakuna mwenye alitangulia, tulisimama pale kama watoto wa chekechea mpaka mzee fulani wa pale akapita na ndoo yake akatuamkua, ndio tukashuka nyuma yake.

Kurusha kwa kwanza ndoano ilishika sweta ya Kinyozi mgongoni. Ya pili ikashika sweta hiyo hiyo. Akaivua akaitundika mbali, na naapa ya tatu karibu iifuate huko. Ya nne ikaingia ziwani, na minyoo yake (tulichimba nyuma ya duka la Kinyozi jioni ya Ijumaa), tukapiga makofi kama watu wamepokea bibi harusi.

Saa moja ikapita. Saa moja na nusu fimbo ikainama.

Hapo ndipo kosa langu lilianzia, na si kosa la uvuvi, ni la mdomo. Kabla hata nijue ni nini iko huko chini nilishapiga picha ya fimbo imepinda nikaweka status, nikaandika MBUTA, yule sangara mkubwa kila mtu huku anamtaka. Mwalimu akashika fimbo, mimi nikashika simu. Nikapigia Mama Junior nikamwambia asinunue nyama, aweke maji kwa sufuria kubwa, ile ya matanga. Landilodi nikamuahidi kilo mbili, nilikuwa na deni yake. Halafu nikapigia shangazi ya mke wangu huko Ahero, mama mkubwa sana kwa hiyo familia, nikamwambia, "Mama, kichwa ni chako." Akasema anapanda matatu saa hiyo hiyo.

Ile kitu ikatokeza kichwa, ikavuta hewa, ffuuu, ikarudi chini. Tukaangaliana.

"Samaki gani anapumua?" Kinyozi akauliza.

"Ako na homa," Mwalimu akasema. Mwalimu anafunza somo la dini.

Tukamvuta mpaka mchangani. Wueh. Kitu ndefu kama mguu wa mtu, inateleza, na mahali pa mapezi iko na vikamba viwili viwili vimening'inia kama kamba za viatu. Yule mzee akaja akaangalia, akaangalia na sisi pia, akasema, "Yawa, hiyo ni kamongo. Mpigeni kichwa kwanza, vijana. Huyo hafi hivi hivi, na anauma."

Sasa nipige kichwa aje na kichwa nimeshaahidi shangazi? Nitampelekea kichwa imepondeka? Nikamwambia, "Asante mzee, tutamshughulikia nyumbani." Akatikisa kichwa akaenda zake. Kamongo akalala kimya, tukasema amekufa, tukamweka kwa gunia. Kinyozi, mtu wa usafi, akamwaga ndoo ya maji juu ya gunia ndio abaki fresh.

Tuktuk ikatubeba wanne, mimi mbele nimebanana na dereva, gunia nyuma katikati ya miguu yao. Tulipofika Nyalenda kwa matuta nikasikia Fundi ananyamaza katikati ya sentensi. Fundi hanyamazi. Kugeuka, gunia linatembea. Halafu mdomo ukatoka ukashika raba ya Fundi hapo kwa kidole, Fundi akapiga nduru ya kiboko, ile alikuwa ameiweka tangu asubuhi, na akarusha mguu. Raba ikaenda kwa barabara. Kamongo akapita chini ya kiti akatokea mbele kwa miguu ya dereva.

Dereva aliangalia chini mara moja tu. "Thuol!" Nyoka! Akaruka. Akaniachia tuktuk ikitembea, na mimi sijawahi endesha hata baiskeli vizuri. Bahati ilikuwa polepole juu ya tuta, ikazunguka kidogo ikaingia mtaroni kwa upole, kama ng'ombe anaenda kunywa maji. Hakuna mtu aliumia ila taa ya mbele.

Watu wakajaa na mawe. "Thuol iko wapi?" Mimi napiga kelele ni samaki, ni samaki, na nani ataamini samaki ametoka kwa tuktuk na kutembea? Kamongo naye akateremka kwa mtaro, yale maji meusi ya matope, akavuta hewa yake mara moja, ffuuu, akapotea. Hatukumwona tena.

Dereva alirudi baada ya dakika kumi na bei ya taa tayari kichwani, elfu moja mia tano. Tukachanga. Zenye zilibaki nikapitia Kibuye nikanunua nusu gorogoro ya omena.

Nyumbani maji yanachemka kwa sufuria ya matanga. Shangazi ameketi, kitambaa kichwani, mkoba kwa magoti. Mama Junior akafungua karatasi ya omena, akaangalia, hakusema kitu, akaenda kuleta sufuria ndogo.

Nikaeleza yote. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho, akauliza swali moja tu.

"Hilo gunia, mlilimwagia maji?"

"Ndiyo mama. Ndio abaki fresh."

Yule mama alicheka mpaka akashikilia meza, Junior akakimbia kumletea maji ya kunywa. Akala omena yake vizuri, na ugali mara mbili. Wakati wa kuenda akanyoosha mkono mlangoni, nikadhani ananiaga.

"Nauli," akasema. "Ya kuja na ya kurudi. Na ya kichwa."