Yeftha Naye Alifukuzwa Kwao

Wahubiri wetu wakitaka kumfariji aliyekataliwa na jamaa zake, humkimbilia Yusufu. Yusufu nampenda, ila kisa chake kina mtego: msikilizaji huanza kuota siku ndugu zake watakapokuja kumsujudia wakiomba chakula. Mimi humpeleka mtu kwa Yeftha, katika kitabu cha Waamuzi kwenye Biblia, sura ya 11.

Yeftha alizaliwa nje ya ndoa. Ndugu zake wa baba mmoja walimfukuza na sababu wakaitaja waziwazi: hatarithi kitu, maana mama yake ni mwanamke mwingine. Hapa Kisumu na kule Kakamega hakuna wa kufafanuliwa hilo. Mzee akishazikwa, shamba linapimwa, mtoto wa nje anaambiwa akamuulize mama yake kwao ni wapi. Sheria ya Urithi humhesabu mtoto ambaye marehemu alimkubali kuwa wake, lakini kikao cha ukoo kina sheria zake.

Yeftha akakimbilia nchi ya Tobu, wakamfuata watu wasio na mbele wala nyuma. Kwangu kazi yake ilianzia hapo, kabla hajakumbukwa na mtu. Namjua fundi wa kuchomelea vyuma pale Kondele, naye alifukuzwa kwao. Vijana anaowafundisha kuunda mageti ni wale ambao hakuna anayewauliza wamelala wapi. Mchana wanakula githeri kwenye sufuria moja, na yeye huchota wa mwisho.

Waamoni walipoleta vita, wazee wa Gileadi, kule kwao, wakamfuata. Akawauliza: si ninyi mlionichukia mkanifukuza? Mbona mnanijia sasa mkiwa taabuni? Wengi wetu tunalijua swali hilo. Miaka hupigiwi simu, kisha msiba unatokea, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, na ujumbe wa kwanza ni kiwango cha mchango. Yeftha alikubali kurudi, ila kwa masharti yaliyosemwa mbele za Bwana huko Mispa. Wachungaji wanaomsukuma mtu arudi tu "akaombe baraka", hata kwa baba anayempiga, waisome sehemu hiyo polepole.

Kinachonisumbua ni nadhiri yake. Mstari wa 29 unasema Roho ya Bwana ilikuwa imekwisha kumjia. Mstari wa 30 anaanza kumwahidi Mungu malipo akipewa ushindi: atakayetoka mlangoni mwa nyumba yake kumlaki atatolewa sadaka ya kuteketezwa. Nadhani mtu aliyefukuzwa kwao huzoea kuamini kwamba kupokelewa lazima kulipiwe, hata na Mungu aliyekwisha kumpokea. Aliyelipa deni hilo lisilokuwepo ni binti yake wa pekee, aliyetoka nyumbani na matari akicheza kumlaki baba.