Maharage Si Mboga: Hesabu ya Protini kwa Anayepunguza Mwili

Gramu 300 za karanga. Hicho ndicho kiasi ambacho mwanamke anayetaka kushuka hadi kilo 65 angelazimika kula kwa siku, kama angetegemea karanga peke yake kupata protini ya kumtosha wakati anapunguza mwili. Karanga hizo zina kalori zaidi ya 1,600, na yeye amejiwekea 1,400 kwa siku nzima. Chakula ambacho tangu shule ya msingi tumefundishwa kukiweka kwenye kundi la vyakula vya kujenga mwili kimemmalizia bajeti kabla hajagusa chai.

Hesabu ya namna hii ndiyo inayokosekana kwenye mabishano ya watu wa diet, ambayo kwa sasa yana kambi mbili. Ya kwanza inasema kula kila kitu ila kidogo: sahani ikiwa nusu, kitambi kitaondoka. Ya pili inasema kata wanga: ugali, wali na chapati viwekwe kando, ule mayai, samaki na nyama mpaka ushibe, na ukiwa mtu wa gym uongeze protini ya kopo, yaani ya unga. Kila kambi ina watu wake waliopungua kweli, na kila moja inamwona mwenzake kama mpotoshaji.

Kambi ya kula kidogo ina msingi ambao haupingiki. Mwili haupungui mafuta mpaka uingize nishati kidogo kuliko unayotumia, na hata waliokata wanga wakapungua walipungua kwa njia hiyo hiyo, wajue wasijue. Kosa lake ni kudhani kwamba ukigawa sahani kwa mbili umegawa shida tu. Sahani ya gramu 300 za wali na upawa mmoja wa maharage ina protini ya gramu 17 hivi. Ikate nusu, zinabaki nane na kitu. Kula nusu sahani mara tatu kwa siku, hujafika hata gramu 30.

Sasa linganisha na mahitaji. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani na wenzake walikiweka mwaka 2007 ni gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito, na hicho ni cha mtu mzima mwenye afya anayekula nishati ya kumtosha. Kwa kilo 65 ni gramu 54. Anayejinyima nishati anahitaji zaidi, kwa sababu mwili wenye upungufu hauchomi mafuta peke yake, bali huchukua na misuli ukaigeuza kuwa nishati. Ndiyo maana wataalamu wengi wa lishe hupendekeza gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kilo kwa mtu aliye kwenye mpango wa kupungua. Chukua 1.2, na upige hesabu kwa uzito unaolengwa badala ya ule uliopo: gramu 78. Wale wa maji ya limao asubuhi, matango mchana na tikiti jioni wako mbali kabisa na hapo. Mizani inashuka haraka, wanapiga picha, wanapongezwa. Mizani haisemi kilichoondoka ni mafuta, maji au nyama ya mapaja.

Hapo ndipo kambi ya pili inapopata nguvu, na ina ushahidi mzuri mkononi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada walichapisha matokeo ya vijana wa kiume wenye uzito uliozidi, waliopunguziwa nishati kwa asilimia 40 kwa wiki nne huku wakifanya mazoezi makali siku sita kwa wiki. Waliokula gramu 2.4 za protini kwa kilo walipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio na mafuta, misuli ikiwemo. Waliokula gramu 1.2 walipoteza kilo 3.5 za mafuta.

Watu wa gym hutaja kundi la kwanza tu. Mimi naona kundi la pili ndilo lenye habari: kwa gramu 1.2, kwenye upungufu mkubwa hivyo wa nishati, misuli yao haikupungua. Walikuwa vijana na walibeba vyuma, kwa hiyo mama wa miaka 50 anayekaa ofisini asitarajie hayo hayo bila kuinua kitu chochote kizito. Lakini inaonyesha kwamba nusu ya kile kinachohubiriwa gym inaweza kutosha kulinda ulichonacho.

Kambi hii pia ina tabia ya kudhani protini yote ni moja. Marekani ya miaka ya 1970 ililipa gharama ya dhana hiyo. Watu walinunua protini ya maji iliyotengenezwa kwa ngozi na kano za wanyama, wakaishi kwa kalori zisizofika 500 kwa siku, na makumi kati yao wakafa, wengi kwa mapigo ya moyo kuvurugika. Ile protini ilikuwa kolajeni, ambayo haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino, vipande vinavyounda protini, ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, na madini pia yalikuwa pungufu. Leo kolajeni ya unga inauzwa mitandaoni kwa ajili ya ngozi, na wapo wanaoihesabu kama protini ya siku. Supu ya makongoro nayo, kwa utamu wake wote, sehemu kubwa ya protini yake ni hiyo hiyo. Inywe, ila usiiweke kwenye hesabu.

Halafu kuna figo. Kwa mwenye figo nzima, ushahidi kwamba protini nyingi kiasi zinamdhuru ni hafifu. Lakini wengi wanaoambiwa hospitalini wapunguze uzito ni wenye kisukari au presha, magonjwa mawili yanayoongoza kwa kuharibu figo kimyakimya. Huyo apime kwanza figo, aongee na daktari, ndipo aanze kuhesabu mayai.

Bei sitaipigia kelele, kila mtu anaijua bucha yake. Kifua cha kuku kisicho na ngozi kinatoa gramu 31 za protini kwa kalori 165 kwa kila gramu 100 zilizopikwa, na kijiko kimoja cha kupimia cha unga wa kopo kinatoa kama gramu 20 kwa kalori 120 hivi. Vinafanya kazi, sina ubishi. Swali ni vya nani.

Rudi kwenye maharage basi, maana hapo ndipo kambi zote mbili zinapokosea. Kambi ya kukata wanga inayakataa kwa kuwa yana wanga, na ni kweli: gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina karibu gramu 9 za protini, lakini zina pia karibu gramu 23 za wanga, jumla kalori 127. Kambi ya kula kidogo inayaacha palepale yalipokuwa siku zote, yaani mboga, kitu cha kusindikizia ugali. Ukiyafanya mboga juu ya ugali umelipa wanga mara mbili. Ukiyafanya ndiyo chakula chenyewe, na ugali ukawa wa kusindikiza, hesabu inageuka.

Si lazima ugali uondoke kabisa. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, asidi amino ambayo maharage yanayo kwa wingi, na maharage yana upungufu wa methionini, asidi amino nyingine, ambayo mahindi yanaiongezea. Waliobuni makande, au githeri kwa Wakenya, hawakuwa na maabara. Cha kuangalia ni uwiano: maharage mengi, mahindi machache. Na tui zito, samahani, lipungue. Mafuta vilevile, kwani kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120 na hayana hata chembe ya protini.

Maharage peke yake hayafiki. Gramu 78 zingedai gramu 900 zilizopikwa, na tumbo lingeandamana. Hapo wanaingia dagaa, ambao nawaona kama chakula kinachodharauliwa kuliko vyote kwenye mjadala huu. Dagaa wakavu ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao, wanaliwa na mifupa kwa hiyo wanaleta kalsiamu, na sehemu kubwa ya wanaovuliwa Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha kuku, kuku ambao sisi tunakwenda kuwanunua kwa bei mara kadhaa ya dagaa. Tatizo lao ni mchanga, na uvivu wetu wa kuwaosha mara tatu. Wachemshwe na nyanya na limao. Wakielea kwenye mafuta, faida ya kalori chache imekwenda.

Siku moja kwa vyakula hivi: mayai matatu, kikombe kikubwa cha maziwa mgando, gramu 200 za maharage yaliyopikwa, gramu 40 za dagaa wakavu, fungu la mchicha, ugali wa ukubwa wa ngumi na vijiko viwili vya mafuta kwa siku nzima. Protini inafika gramu 75 hivi na kalori zinakaa karibu 1,200. Inabaki nafasi ya embe, hata ya andazi dogo kama roho imeng'ang'ania.

Jikoni haihitajiki sufuria ya pili. Kinachobadilika ni nani anatangulia kwenye sahani: maharage yanapakuliwa kwanza mpaka yajaze nusu, mchicha unafuata, ugali unaingia mwisho kwenye upenyo uliobaki. Wiki ya kwanza lazima shangazi mmoja aulize, kwa sauti ya chini, kama umepimwa ukakutwa na sukari.