Runinga moja, nyumba kumi

Ikifika katikati ya Desemba, hapa Leicester, Uingereza, jua huzama kabla ya saa kumi jioni, nami huanza kusikia harufu ya malewa. Mtaani kwetu hakuna anayeyapika. Malewa ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon. Hukaushwa kwa moshi, na siku ya kupikwa huchemshwa kwa magadi mpaka yalegee, ndipo yatiwe karanga za kusaga. Mama yangu ni Mgisu, na kwake Krismasi bila malewa ilikuwa siku kama siku nyingine.

Mzee, baba yangu, alikuwa Mteso, fundi wa reli Tororo, mashariki mwa Uganda. Kiteso cha baba na Kigisu cha mama havikusikilizana, basi nyumbani tukaongea Kiswahili, kama nyumba nyingi za reli. Jirani wa kulia alikuwa Msamia, wa kushoto Mjapadhola, na yule wa mwisho wa mstari alizaliwa Kisumu akafuata garimoshi.

Kwa desturi ya Uganda, Krismasi watu hurudi kijijini. Siku mbili kabla ya sikukuu vituo vya mabasi Kampala hujaa magunia ya mchele na kuku waliofungwa miguu, na nauli hupanda. Sisi hatukwenda. Kijiji cha Mzee kiko wilaya ya Kumi, katika eneo la Teso, na kuanzia 1987 Teso ilikuwa vitani. Ng'ombe waliporwa, watu wakahamishiwa kambini, na barua za babu zikaacha kuja. Kwa hiyo Krismasi za utoto wangu zilikuwa za Tororo, katika vyumba viwili, mbele ya televisheni moja ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ambayo Mzee aliinunua kwa mtu Malaba.

Mwaka mzima televisheni ile ilikaa chini ya kitambaa cheupe alichokifuma Mama. Antena ilifungwa juu ya mwanzi mrefu nyuma ya jiko, na kaka yangu ndiye aliyekuwa na kazi ya kuuzungusha.

"Imekuja?"

"Bado! Rudisha kidogo. Hapo hapo! Umepitiliza!"

Ukiielekeza magharibi unapata UTV, televisheni yetu ya taifa iliyoanza 1963. Ukiielekeza mashariki, hali ya hewa ikikubali, unapata KBC ya Kenya. Hiyo ndiyo bahati ya kuishi mpakani. UTV ilizungumza Kiingereza zaidi, na Mama hakukisoma. Lakini KBC ilikuwa na Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha Kiswahili kitupu, na Mzee Ojwang' akianza kujitetea mbele ya Mama Kayai, Mama yetu alijibu kwa sauti kana kwamba wote wamo sebuleni. "Usimwamini huyo!" Na majirani wakamuunga mkono.

Majirani walikuwa wengi. Mstari wetu ulikuwa na nyumba kumi na runinga ilikuwa moja. Hakuna aliyealikwa. Mchana wa Krismasi, watu wakitoka kanisani, ungesikia tu "Hodi!" na Mama akiitika "Karibu!" bila kutazama ni nani. Wazee walikaa vitini, watoto mkekani, waliochelewa wakasimama dirishani kwa nje. Viatu viliachwa mlangoni, na mimi kazi yangu ilikuwa kuvipanga. Mwaka mmoja nilihesabu jozi thelathini na moja. Kila mama aliyeingia alibeba sahani iliyofunikwa: wali, kuku, chapati, atapa, yaani ugali wa mtama. Soda moja ilinywewa na watoto wawili, na mkubwa alipimiwa kwa kidole mahali pa kuachia. Umeme ukikatika, jirani mmoja alileta betri ya lori. Asipokuwepo, tuliwasha redio na hakuna aliyeondoka.

Krismasi ya 1989 siwezi kuisahau. Mwanamuziki wetu Philly Lutaaya alikuwa amefariki tarehe 15 Desemba. Mwaka huohuo alijitokeza mbele ya nchi nzima akasema ana UKIMWI, wakati ambapo watu walilinong'ona jina la ugonjwa huo. Siku kumi baada ya kifo chake redio ikapiga nyimbo zake za Krismasi, zile ambazo mpaka leo Uganda haijui Desemba bila hizo. Nilikuwa na miaka tisa. Niliona mama wa Kisamia akijifunika uso kwa leso, na sikuelewa, kwa sababu wimbo ulikuwa wa furaha. Nimekuja kuelewa ukubwani, na nimeelewa pia jambo la pili: nyimbo zile Lutaaya alizirekodi Uswidi, alikokuwa akiishi. Krismasi ya Uganda ninayoililia iliimbwa na mtu aliyekuwa ugenini kama mimi, pengine theluji ikiwa dirishani.

Krismasi yangu ya kwanza Uingereza nilikuwa zamu katika nyumba ya kutunzia wazee. Mabasi hayakutembea, na nilikwenda kazini kwa miguu katika mji ulionyamaza kama umehamwa. Saa tisa alasiri wazee walisogezwa mbele ya televisheni kumsikiliza Malkia. Bibi mmoja aliyekuwa hasimami bila kushikwa aliniomba nimsimamishe wimbo wa taifa ulipopigwa. Aliniambia kwamba baba yake alikuwa akiwanyamazisha wote saa hiyo, enzi hotuba ilipokuwa ya redio tu, kabla haijaingia kwenye televisheni mwaka 1957. Nilimshika mkono mpaka hotuba ikaisha. Tangu siku hiyo sikubaliani na wenzetu wanaosema Wazungu hawana familia. Wana mila zao na wanazishika kwa saa. Tofauti ninayoiona iko mlangoni. Hapa Krismasi ni ya walioalikwa. Idadi ya viti inajulikana wiki mbili kabla. Kwetu ilikuwa ya yeyote aliyesema hodi.

Nasema ilikuwa, na hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 2015 matangazo ya analogia yalizimwa, Kenya na Uganda vilevile, na antena ya Mzee ikabaki mwanzi mtupu. Kila nyumba ikatakiwa king'amuzi chake. Mwaka uliofuata nilimtumia Mama pesa ya runinga ya inchi 55 na dishi. Nilijivunia sana. Nilidhani naituma ile sebule ya zamani, ikiwa kubwa zaidi na yenye rangi. Lakini kitu cha thamani hutaka ulinzi, na ndugu zangu wakaweka geti la chuma na kufuli. Majirani hawasemi hodi kwenye kufuli. Krismasi nikipiga simu ya video naona wajukuu watano kwenye makochi, kila mmoja na simu yake, na Mama peke yake mbele ya kioo kikubwa nilichomnunulia. "Inaonyesha vizuri, mwanangu," huniambia. Hajawahi kulalamika.

Nasikia watu wa ughaibuni wakisema kwamba nyumbani watu wamebadilika, wamekuwa wabinafsi. Hatuna haki ya kusema hivyo. Sehemu ya mabadiliko hayo tulituma sisi, pamoja na risiti. Mwaka huu nimemwomba kaka, yuleyule wa antena, aitoe runinga uani siku ya Krismasi, aifunge chini ya mwembe na aache geti wazi kuanzia mchana. Ameogopa mvua na ameogopa wezi. Nimemwambia pesa ya turubai nitatuma, na ya kuku kumi pia. Ameahidi kujaribu.

Jirani yangu hapa ni bibi wa Kihindi aliyezaliwa Mbale. Alifukuzwa na Idi Amin 1972 pamoja na Wahindi wenzake, walipopewa siku 90 waondoke Uganda, na alikuja Leicester na sanduku moja. Yeye hasherehekei Krismasi. Mwaka jana, tarehe 25, saa nane mchana, niligongewa mlango, na kabla sijafika nikasikia neno ambalo sikuwahi kulisikia kwenye mlango wowote wa Uingereza.

"Hodi!"

Alikuwa na sahani iliyofunikwa kitambaa. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilikuwa nimepika mchicha kwa karanga, maana malewa sikuyapata, na nilimtafutia kwenye intaneti kipindi cha zamani cha Vitimbi. Kiswahili chake ni cha dukani, lakini Mama Kayai alipoanza kufoka bibi alicheka kabla yangu. Tulikaa mpaka giza likaingia, nikasahau hata kuwasha taa.

Akivaa viatu aliniuliza, "Mwaka kesho mimi nakuja na dada yangu, iko sawa?"

"Njoo naye, mama."