Shotikati za kusoma kwanza, za kuandika baadaye

Kila nikifungua YouTube nakutana na video ileile yenye sura tofauti: ekstensheni ishirini (programu ndogo za nyongeza) za lazima za VS Code, edita ya kuandikia msimbo wa kompyuta, shotikati hamsini (vitufe vya kubonyeza badala ya kutumia mausi) za kuandika msimbo kwa kasi. Kijana anatazama, anapakua kila alichoonyeshwa, anachapisha orodha ya shotikati na kuibandika ukutani. Wiki ikiisha anatumia Ctrl+C na Ctrl+V kama zamani, ila laptopu yake sasa inakohoa kabla ya kufungua edita.

Siwatuhumu watengeneza video kwa uongo. Wanavyovionyesha vipo na vinafanya kazi. Ugomvi wangu ni kwamba wanatupa dawa ya ugonjwa tusioumwa. Wanashughulika na vidole, na kwa kazi ninazoziona hapa Dodoma, vidole havijawahi kumchelewesha mtu.

Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huku kweli kweli, na mji ukawa jiji mwaka 2018, kazi za mifumo ziliongezeka. Wizara ziko Mtumba, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kinatoa vijana wa kompyuta kila mwaka, na ofisi ndogo kama yetu zimejibanza Makulu, Kisasa na Area C. Lakini kazi zinazotufikia sisi wadogo ni nadra kuanza na faili tupu. Tunakabidhiwa mfumo ulioandikwa na mtu ambaye ameshahamia kwingine, simu hapokei, na hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Mteja anataka kitu kimoja tu kirekebishwe, na anakitaka leo.

Tulipokea mfumo wa namna hiyo kutoka ushirika mmoja wa wakulima wa zabibu. Malalamiko yalikuwa mepesi kuyaeleza: mkulima akipima mzigo wake na kuchapishiwa stakabadhi, makato ya ushirika yanatoka mara mbili. Nilimpa kazi hiyo kijana wa fildi, yaani mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, nikakaa pembeni kumtazama. Akafungua folda ya app, akaingia Http, akaingia Controllers, akashuka taratibu kwa mausi. Humo akakuta MalipoController, MalipoMkulimaController, MalipoMpyaController na MalipoMpya2Controller. Akafungua ya kwanza, akateremka hadi chini, akaona jina la fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina ili kifanye kazi yake) `kataMakato()`, akarudi kwenye orodha ya folda kutafuta ilikoandikwa. Alipoipata alikuwa ameshasahau ni nani aliyeiita. Akaanza upya.

Saa sita ikafika, tukaenda kula, tukarudi, bado anapanda na kushuka folda. Mwishoni marekebisho yenyewe yalikuwa kufuta mstari mmoja. Kuufuta kulichukua muda gani? Asingeandika haraka zaidi hata angekuwa na vidole ishirini. Muda wote ule ulikwenda kwenye kutafuta na kusoma.

Ndiyo maana nikiulizwa shotikati ya kwanza ya kujifunza ni ipi, sisemi ya kunakili mstari wala ya kuusogeza. Nasema Ctrl+P. Unaibonyeza, kisanduku kinafunguka juu, unaandika vipande vya jina la faili hata bila mpangilio kamili. Ukiandika `mmkc` edita inakuletea MalipoMkulimaController bila wewe kujua iko folda gani. Ukiongeza nukta mbili na namba, `mmkc:120`, unatua mstari wa 120 moja kwa moja, jambo lenye thamani kubwa pale ujumbe wa hitilafu unapokutajia faili na mstari. Ukifuta vyote ukaweka alama ya @, unapata orodha ya fanksheni zote zilizomo kwenye faili uliyofungua. Kisanduku kimoja, kazi tatu, na mti wa folda kule kushoto unaufunga kwa Ctrl+B ili skrini ndogo ipumue.

Ya pili ni F12, na haina maana bila mwenzake. Ukiweka kasa (kile kistari kinachopepesa unapoandika) juu ya `kataMakato` ukabonyeza F12, unapelekwa ilikoandikwa. Wengi wanaijua hiyo. Wasichokijua ni Alt pamoja na mshale wa kushoto, unaokurudisha pale ulipotoka, hata kama umepita faili sita njiani. Mimi nasema hii ndiyo inayompa mtu ujasiri wa kuingia ndani ya msimbo wa mwingine, kwa sababu anajua kurudi kupo. (Nazungumzia Windows, maana ndiyo iliyojaa kwenye laptopu zetu, kwenye Linux na Mac kurudi kuna vitufe vyake vingine.)

Ya tatu ni Shift+F12: nani wote wanaiita fanksheni hii? Kwenye mfumo wa zabibu jibu lilikuwa limelala hapo hapo. `kataMakato` ilikuwa inaitwa mahali pawili, mara moja mzigo unapohifadhiwa na mara nyingine stakabadhi inapochapishwa. Ukiiona orodha hiyo yenye mistari miwili, hitilafu huhitaji tena kuitafuta, imejileta yenyewe.

Hapa lazima niseme jambo ambalo video za Marekani hulipita, kwa sababu wao wanaonyesha JavaScript na TypeScript, lugha ambazo VS Code inazielewa tangu inapowashwa. Sisi tuna mifumo mingi ya lugha ya PHP, Laravel (kiunzi cha PHP) ikiwa nyuma na XAMPP (seva ya majaribio ndani ya laptopu) ikiunguruma pembeni. Kwa PHP, VS Code peke yake haina akili nyingi. Unahitaji ekstensheni, na wengi wetu tunatumia Intelephense. Toleo lake la bure linakupa F12 na Shift+F12 bila shida. Ila F2, ile ya kubadilisha jina la kitu kila kinapotajwa kwenye mradi, wameiweka kwenye toleo la kulipia. Kijana anaona kwenye video jamaa anabonyeza F2, jina linabadilika kila mahali. Yeye anabonyeza, kimya. Anadhani kompyuta yake ni mbovu. Tena kwenye laptopu nyingi F2 ni kitufe cha kupunguza mwanga wa skrini, kwa hiyo badala ya jina kubadilika, giza linaingia. Hapo tafuta kitufe cha Fn kabla hujakata tamaa.

Asiye na F2 hutumia Ctrl+D, na hii kuna namna ya kuitumia ambayo ni watu wachache wanaoijali. Weka kasa ndani ya neno `jumla` bila kulichagua, kisha bonyeza Ctrl+D: edita inalichagua neno, na kila ukibonyeza tena inaongeza `jumla` nyingine inayofuata, ikitafuta neno zima tu. Lakini ukilichagua kwanza kwa mausi ndipo ukabonyeza Ctrl+D, itakuokotea hadi `jumla` iliyomo ndani ya `jumlaKilo` na `jumlaMakato`, na usipoangalia utaharibu majina ambayo hukuyakusudia. Kuna moja usiyoitaka katikati? Ctrl+K kisha Ctrl+D inairuka. Ctrl+Shift+L inazichagua zote kwa mkupuo, nami siipendi, kwa sababu inabadilisha hata zilizo chini ya skrini ambazo hujaziona.

Nyingine zipo na ni nzuri: Alt na mishale kusogeza mstari, Ctrl+/ kuugeuza kuwa maelezo, Ctrl+Shift+F kutafuta mradi mzima. Zitakuja zenyewe. Bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S, orodha nzima itafunguka ndani ya edita. Ya ukutani unaweza kuibandua.

Ekstensheni sasa. Mimi huzichukulia kama wapangaji: anayekaa ndani alipe pango, la sivyo aondoke. VS Code imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake mna injini ileile ya kivinjari cha Chrome. Kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, ukishafungua edita, Chrome yenye tabo kumi na XAMPP, kilichobaki ni kidogo sana. Halafu juu yake unaweka ekstensheni tatu zinazofomati faili moja, mbili za kupaka rangi mabano (kazi ambayo edita inaifanya yenyewe tangu 2021) na moja ya kuonyesha mnyama kipenzi anayetembea chini ya skrini. Sitanii, ipo, na nimeikuta kwenye mashine ya mtu aliyelalamika kwamba kompyuta yake nzito.

Dawa imo ndani ya edita yenyewe. Bonyeza Ctrl+Shift+P, andika Show Running Extensions, utaona kila ekstensheni iliyowashwa na milisekunde ilizotumia kuwaka. Angalia zile za juu na ujiulize mara ya mwisho zilikufaa lini. Kama kuna kitu kinaleta usumbufu na hujui ni ipi, hapo hapo andika Start Extension Bisect. Itazima nusu ya ekstensheni na kukuuliza kama shida bado ipo, kisha nusu ya nusu, hadi ibaki moja. Ukiwa na ekstensheni thelathini, maswali matano hivi yanatosha kumkamata mhusika.

RAM unaweza kuongeza. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ruhusa. Ekstensheni ya VS Code haifungiwi chumbani. Inafanya kazi kwa mamlaka yaleyale uliyonayo wewe kwenye kompyuta, inaweza kusoma faili na kutoka kwenda kwenye intaneti. Sasa fikiria kwenye mradi wako kuna faili la `.env` lenye nywila ya hifadhidata ya mteja, pengine na ufunguo wa mfumo wa malipo, na wewe umepakua ekstensheni ya mtu usiyemjua kwa sababu ikoni yake ilikuvutia. Vijana wetu wanapofika ofisini ninawaambia wafungue ukurasa wa ekstensheni kwanza, waangalie nani ameitoa, imepakuliwa na wangapi, na mara ya mwisho imesasishwa lini. Huwa wananiona mzee mwenye hofu. Sawa tu.

Kuna moja nitakayoitetea, ingawa mwanzoni inaudhi: Code Spell Checker. Sisi huandika msimbo wa Kiswahili na Kiingereza vikiwa vimekumbatiana, `getMakato`, `$jumlaKilo`, `saveMkulima`, na ekstensheni hii ikiona `makato` inalipigia mstari wa mawimbi ikidhani umekosea. Faili zima linakuwa mawimbi. Wengi wanaifuta siku hiyo hiyo. Usiifute. Weka kasa kwenye neno, bonyeza Ctrl pamoja na nukta, na uliongeze kwenye orodha ya maneno ya mradi. Maneno ya biashara moja hayazidi mia kadhaa, ukiyaingiza mawimbi yanatulia. Baada ya hapo siku ukiandika `jumlaMkaato` itakupigia kelele, na makosa ya herufi moja kwenye jina ndiyo yanayotulaza macho. Faida ya pili ni orodha yenyewe: atakayerithi mfumo baada yako ataikuta ndani ya folda ya mradi, maneno yote ya kazi ile mahali pamoja.

Wapo watakaosema haya yote ni ya watoto, mwanamume anatumia Vim, edita ya kibodi tupu isiyohitaji mausi. Vim naiheshimu, na kila anayeingia kwenye seva ajue walau kufungua faili, kuhifadhi na kutoka. Ina hata uhusiano na kwetu: Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na tangu hapo Vim ikifunguliwa huomba watumiaji wawasaidie watoto wa huko. Alifariki mwaka 2023 na ombi lile bado liko kwenye skrini. Lakini kumwambia mtu anayehangaika kusoma msimbo wa mwenzake kwamba kwanza akajifunze kusogea kwa herufi h, j, k na l ni kumwongezea mzigo. Herufi zile zilitokana na kibodi ya mashine ya ADM-3A ya miaka ya sabini, iliyochorwa mishale juu yake. Wewe mishale unayo.

Na tangu wasaidizi wa AI kama GitHub Copilot waingie mwaka 2021, hoja ya vidole imezidi kupungua uzito. Mashine inakuandikia fanksheni nzima ukipiga kitufe cha Tab. Nani ataihakiki? Nani atajua kwamba `kataMakato` iliyopendekezwa tayari inaitwa kwingine, na makato yatakwenda mara mbili tena? Kijana anayejua F12, Shift+F12 na njia ya kurudi atalijua hilo kabla mteja hajapiga simu. Ambaye hazijui atabonyeza Tab na kufurahi.

Nina dada mmoja ninayefanya naye kazi, ametutangulia wote kwenye fani hii. Anatumia mausi, ekstensheni zake zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na ukimtajia hitilafu anakwenda kwenye faili lenyewe moja kwa moja kwa sababu mfumo mzima anao kichwani. Siku moja nilimwonyesha Ctrl+P na Shift+F12. Ctrl+P aliijaribu akaicheka, kwamba yeye anajua faili ziko wapi. Shift+F12 aliichukua, na sasa ndiye anayewafundisha vijana wa fildi.