Ukilishusha Gari, Gurudumu Lipande Wapi?

Nimechoka na sentensi moja: "Gari likiwa chini ndiyo linashika barabara." Juzi rafiki yangu kanitumia picha ya Toyota GT86 yake. Koilova, yaani shokapu zilizounganishwa na springi na zenye nyuzi za kurekebishia kimo, zimezungushwa hadi mwisho wa nyuzi, kati ya tairi na madigadi hapaingii hata kidole, na chini ya picha kaandika sentensi hiyo hiyo. Gari zuri, dereva mzuri, na kona alizokuwa akizikata bila wasiwasi sasa anaziogopa. Anadhani tatizo ni tairi. Jamani, tairi hazina kosa hapo.

Ukweli ulio upande wake upo, na nitausema. Gari likikata kona, uzito unahamia tairi za nje, na kitovu cha uzito kikishuka, unaohama unapungua. Ila ni kiasi gani? Chukua gari la kilo 1,300, kitovu chake kiko milimita 480 juu ya ardhi, na kati ya tairi za kushoto na za kulia kuna milimita 1,500. Kwenye kona kali inayolivuta pembeni kwa nguvu sawa na uzito wake wote, zinahama kilo 416. Lishushe milimita 30, zinahama 390. Umeokoa kilo 26, tena pungufu kidogo, kwa kuwa magurudumu na breki havikushuka na bodi. Faida ipo. Mimi nauliza umeilipia nini.

GT86 mbele ina mfumo wa MacPherson: shokapu na springi vimesimama pamoja, chini kuna mkono mmoja. Ukilishusha gari, ncha ya mkono iliyo upande wa gurudumu inabaki pale pale, ncha ya upande wa bodi inateremka. Mkono unalala, halafu unaanza kuelekea juu. Hapo hesabu inageuka. Kitovu ambacho bodi inakizunguka inapoinama kinashuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito, na umbali kati ya viwili hivyo ndio wenzo (leva) unaoiinamisha bodi. Kwa hiyo umelishusha gari ili lisiiname, na papo hapo umeliongezea wenzo wa kuinamia. Kuinama kukipungua ni kwa sababu springi ni ngumu, kimo hakijasaidia kitu. Tena mkono ukishapita ulalo, tairi ya nje inapobanwa juu haiegemei ndani tena kama inavyotakiwa, nayo ndiyo iliyobeba kona nzima. Tairodi, ile fimbo inayoligeuza gurudumu ukizungusha usukani, nayo ina pembe yake. Pembe hiyo ikiachana na ya mkono, kila tuta linaigeuza tairi wakati usukani umetulia mikononi mwako.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni nafasi ya gurudumu kupanda. Juu ya ile fimbo inayong'aa ya shokapu kuna raba ya kuzuia. Imewekwa ili fimbo isigonge chuma kwa chuma, na inaanza kufanya kazi mapema kuliko watu wanavyodhani. Tuseme gari lilikuwa na milimita 50 kabla ya kuigusa. Ukitia springi fupi zinazolishusha milimita 40 na shokapu ukaziacha zile zile, umebaki na 10. Kumi tu! Ukiingia kona na gari likainama kidogo, raba imeshabanwa, na springi yako imepata ugumu mpya ambao hukuuchagua, katikati ya kona. Ikitokea mbele, gari linakataa kugeuka na kwenda moja kwa moja. Ikitokea nyuma, mkia unatoka. Dereva anasema gari limekuwa "kali". Gari limeishiwa nafasi, basi.

Ukitaka kuona kwa macho, tafuta kile kifungo chembamba cha plastiki cha kubania nyaya, kifunge kwenye fimbo ya shokapu, kisukume hadi chini, kisha endesha njia yako ya kawaida. Rudi uangalie kimesukumwa hadi wapi. Kikiwa kimegandamizwa kwenye raba na hukupita hata shimo moja kubwa, jibu umelipata, na hakuna atakayeweza kukubishia.

Wataniambia magari ya mashindano yako chini. Ni kweli, yako chini. Lakini mafundi wake wanahamisha sehemu za kufungia mikono, wanaweka boljointi ndefu (kiungo kinachoushika mkono na gurudumu), wanarekebisha pembe ya tairodi, wanapima mzani kila kona ya gari dereva akiwa kitini, na wanakimbia kwenye lami iliyosawazishwa. Wewe umechukua kimo chao ukayaacha hayo mengine yote.

Na gari lililoshuka kidogo linapendeza, sibishani na macho yangu.

Sasa springi au koilova? Koilova inayorekebishwa kwa urefu wa mwili wa chini inakuwezesha kulishusha gari bila kuila nafasi ya shokapu, na hiyo ndiyo sababu ya maana ya kuinunua. Ile ambayo kimo chake kinapatikana kwa kuteremsha kikalio cha springi peke yake inakula nafasi ile ile ninayoilalamikia. Vituo 32 vya kirekebishi cha ugumu wa shokapu visikubabaishe. Kwenye nyingi za bei nafuu, kirungu kimoja kinabadilisha kubana na kurudi kwa pamoja, na vituo vingi havina tofauti unayoweza kuihisi. Kukata springi kwa grainda sitaki hata kukujadili: gurudumu likining'inia, springi inaweza kutoka kwenye kikalio chake.

Kwa gari la barabarani ningechukua springi zinazoshusha milimita 15 hadi 25, pamoja na shokapu zilizotengenezwa kwa ugumu wa springi hizo, maana shokapu ya kiwandani haiwezi kuizuia springi ngumu inaporudi, na gari litarukaruka. Halafu msimamie fundi kwenye jambo moja ambalo wengi wanaliruka. Bushi za mikono zina raba iliyogandishwa kwenye bomba la ndani. Bolti zikikazwa magurudumu yakining'inia, gari likitua raba inajipinda, inabaki imepindika muda wote, na mwishowe inachanika. Alegeze bolti, aweke jeki chini ya mkono hadi uzito wa gari ukae pale unapokaa siku zote, ndipo akaze. Taa za mbele zielekezwe upya. Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, isubiri springi zikae sawa kwanza, na siku ya kuipima kwenye kiti cha dereva kuwe na uzito unaokaribia wako, tenki likiwa na mafuta unayotembea nayo kwa kawaida.