Kujua tulijua wote, kazi ilikuwa kwenye mikono

Kila nikisema uuguzi nilianza nyumbani nikaja kumalizia huku Ulaya, naulizwa swali lile lile, eti kipindi cha korona wanafunzi wenzako wa huku si walikuwa wanajua kujikinga kuliko nyie? Jibu langu huwa linawaudhi watu. Hapana. Kujua tulikuwa sawa, tena sisi labda tulizidi maana tulikariri mpaka usingizini.

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga tarehe 11 Machi 2020 nilikuwa mwaka wa pili. Nyakati 5 za kunawa mikono ungeniamsha saa nane usiku ningekutajia: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kuchoma sindano, baada ya kushika majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Hiyo ya mwisho ndo inayowashinda wote, kule na huku, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hujamgusa, umesogeza tu meza yake au umerekebisha dripu halafu moyo unakwambia mbona mi niko safi bwana, unaondoka zako kitanda cha pili.

Sasa nyumbani. Barakoa moja zamu nzima, ikilowa kwa jasho unaivumilia. Ndoo ya koki iko mlangoni, maji yakikata katikati ya asubuhi basi tena, na sanitaiza chupa ni moja iko mfukoni kwa sista inchaji, anawamiminia kitone kitone mlivyopanga foleni wanafunzi sita. Kitabu kinasema mikono isuguliwe sekunde 20 mpaka 30, kile kitone kilikuwa kinakauka hujafika hata kwenye dole gumba. Lakini kuna kitu tulijifunza ambacho hakipo kwenye mtihani wowote, kwamba kwa sababu vifaa havitoshi tulikuwa tunakaa kwanza tunapanga nani ana sababu ya kuingia kwa mgonjwa na nani abaki nje, kazi tatu zinafanywa na mtu mmoja aliyeingia mara moja. Ile nayo ni kinga, tena kubwa, ila hakuna aliyetupa maksi.

Nikahamia huku 2021, janga bado lipo. Wiki ya kwanza nikapelekwa kupimwa barakoa, zile nzito zinazochuja chembe ndogo. Unavaa, unavikwa kichwani kitu kama kofia kubwa ya plastiki, wanapuliza ndani dawa chungu, halafu unaambiwa uongee, uinamishe kichwa, ugeuke huku na huku. Ukisikia uchungu mdomoni ujue hewa inapenya pembeni. Mimi sijamaliza hata kugeuka nishausikia. Kaka mmoja wa darasa letu aliambiwa akanyoe ndevu kwanza ndo arudi, maana juu ya ndevu barakoa ile haishiki. Nikawaza miezi yote ile nyumbani naingia wodini najiona nimejikinga kumbe pembeni ya pua pako wazi, nilikasirika sana, na sijui hata nilimkasirikia nani.

Kwa hiyo vifaa nawapa haki yao. Ila ngoja niwaambie kuhusu glovu.

Huku maboksi ya glovu yako kila ukuta, saizi zote. Basi mwanafunzi anavaa asubuhi akishavaa kavaa, anamgeuza mgonjwa, anavuta pazia, anaandika kwenye kompyuta, anapokea simu, anaenda kwa mgonjwa mwingine, glovu zile zile! Nikamuuliza mmoja taratibu, dada vipi, akaniangalia kwa mshangao, si nimevaa glovu? Mtu huyu mtihani wa kinga alipata zote. Glovu inakulinda wewe uliyeivaa, yule wa kitanda cha pili unamletea kila ulichoshika njiani, na hata ukishaivua lazima unawe maana wakati wa kuvua ndo unajipaka.

Mnakumbuka habari ya hospitali ya Vienna, Austria, mwaka 1847? Wanafunzi wa udaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha, na kina mama wa wodi yao wakawa wanakufa kwa homa ya uzazi kuliko wa wodi ya wakunga. Daktari Semmelweis akaamuru wanawe kwa maji ya klorini, vifo vikashuka kutoka kama 18 kwa kila 100 mwezi Aprili mpaka kama 2 mwezi Juni. Siku hizo habari za vijidudu kusababisha homa ile hazijathibitishwa. Wale vijana hawakuwa na somo lolote kichwani la kuwaelewesha, walikuwa na beseni na amri ya mkubwa.

Na mpaka leo mkubwa ndo anayefanya watu wanawe au wasinawe. Nyumbani matroni wetu alikuwa anatushika viganja mlangoni asikie kama vina unyevu, vikavu unarudishwa, hata maji ya ndoo yakiwa ya shida. Huku siku moja kwenye raundi daktari bingwa kaingia chumbani anaongea, akapita kile kichupa cha sanitaiza cha ukutani bila hata kukiangalia, na sisi wanafunzi watano nyuma yake tukapita mmoja mmoja hivyo hivyo. Mimi nilikuwa wa nne. Nilikiona kabisa, na mkono nilikuwa nishaanza kuunyoosha, nikaurudisha mfukoni.