Baridi ya Mbeya Huficha Ugonjwa wa Gari

Julai nzima mshale wa joto kwenye dashibodi ya kigari changu haukuwahi kufika katikati. Alfajiri natoka Uyole, pembeni mwa mji wa Mbeya, nimevaa koti, ukungu umelala barabarani. Jioni narudi, mshale uko palepale, robo. Nilifurahi. Niliamini kwamba injini inayokaa baridi namna hiyo ni injini nzima.

Oktoba tukashuka Dodoma kumpeleka mama akamwone mjukuu. Tulikuwa watu wanne, na kama ilivyo desturi yetu huwezi kwenda kwa binti mikono mitupu: mchele wa Kyela, viazi, mkungu wa ndizi wa Tukuyu, ndoo ya parachichi. Tulikula Iringa mjini, tukapumzika, tukaanza kuteremka milima ya Nyang'oro saa nane mchana. Sikujua wakati ule kwamba nimechagua saa mbaya kuliko zote. Kule chini miti imepukutika, mibuyu imesimama mitupu, upepo unaoingia dirishani unachoma. Tukafunga vioo, tukawasha AC. Kabla hatujafika Migoli mshale uliokuwa umelala Julai nzima ukaanza kupanda, ukapita nusu, ukagusa alama nyekundu. Nikaegesha chini ya mbuyu.

Dereva wa lori aliyekuwa amepumzika hapo alikuja kabla sijamaliza kufungua boneti. Nikamwamkia. "Marahaba, kijana. Huo mfuniko wa rejeta uache kwanza, utakuunguza uso." Akatazama ndizi na viazi nyuma ya gari, akatikisa kichwa. "Mmetoka Mbeya. Ninyi wa huko juu, magari yenu hayalijui jua."

Maneno yale sijayasahau, na ndiyo sababu ya makala hii. Sisi wa Mbeya, Njombe na Mafinga tunaendesha magari madogo ambayo mfumo wake wa kupoza injini umekufa nusu, na hatujui, kwa sababu hali ya hewa inatufanyia kazi ambayo rejeta ingepaswa kuifanya. Siku ya kushuka nyanda kavu ndiyo siku ya kugundua, na siku hiyo umebeba watoto na wazazi.

Dodoma fundi alifungua, akanionyesha. Maji ya rejeta yalikuwa na rangi ya chai ya kutu. Mpira wa mfuniko ulikuwa mgumu kama kipande cha plastiki. Na themostati haikuwepo. Hiyo nilikuwa naijua: miaka miwili nyuma, gereji moja ya Mbeya ilinishauri tuitoe "injini ipate kupoa vizuri", nami nikakubali nikalipa.

Naomba tuachane na tabia hii, na nasema hivyo kwa heshima yote kwa mafundi wetu. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi hufunga, ili ipate moto haraka. Maji yakifika nyuzi 82 hivi, kutegemea injini, hufunguka na kuyaruhusu yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, kwenye baridi yetu injini haifikii joto lake la kazi. Kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza limewashwa, inazidi kumwaga petroli. Huo ndio ulaji wa mafuta tunaolalamikia kila siku. Kwenye joto inakuwa mbaya zaidi, maana kwa injini nyingi za siku hizi themostati hiyohiyo ndiyo huziba njia ya mkato. Isipokuwepo, sehemu ya maji ya moto huzunguka na kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta hata kidogo. Yaani kile kilichotolewa ili gari lipoe ndicho kinacholichemsha.

Mfuniko nao watu wanaudharau kwa sababu ni mdogo na bei yake ni ndogo. Mama yeyote wa Mbeya anajua maharage ya huku yanachelewa kuiva. Mji uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu, si 100. Sasa fikiria injini ambayo feni yake huwaka maji yakiwa kwenye nyuzi tisini na kitu. Kinachozuia maji hayo yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima ulioandikwa 1.1 unasogeza kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 115. Mpira wake ukikauka, mgandamizo unavuja, na umebaki na sufuria isiyofunikwa. Nunua mpya wenye namba ileile, usiokote wa gari jingine.

Halafu kulanti, ile dawa ya rangi inayojazwa kwenye rejeta badala ya maji matupu. Najua hoja: maji ya mlima Mbeya ni masafi, tena huku hakuna barafu ya kugandisha rejeta. Lakini kulanti haiwekwi kwa ajili ya barafu peke yake. Inainua kiwango cha kuchemka na inazuia kutu ndani ya injini, na maji ya bomba, hata yang'ae vipi, hayazuii kutu. Usiongeze tu juu ya maji machafu. Mwaga yote, suuza mfumo mpaka maji yatoke meupe, ndipo ujaze. Mipira ya maji ibonyeze injini ikiwa imepoa: ukisikia inakwaruza ndani au imevimba kwenye klipu, badilisha. Wakati huohuo mulika tochi kati ya kipozeo cha AC kilicho mbele na rejeta. Vumbi la kiangazi na wadudu hujaa hapo kama pamba, na maji ya mpira wa kawaida, si ya presha kali, yanatosha kuyaosha.

Sasa, utajuaje kama gari limepona wakati baridi bado inakuficha ukweli? Jibu langu: nenda Kyela. Tuna bahati kubwa ambayo watu wa kwingine hawana. Ndani ya kilometa mia na ushee tunashuka hadi karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, kwenye joto la kweli, kisha tunalazimika kupanda kurudi Tukuyu kwa gia ndogo. Pakia watu wanne, nenda mchana, washa AC, panda. Mshale ukisimama palepale kutoka Kyela hadi Tukuyu, unaweza kuifikiria Dodoma. Ukitikisika, umeokoa safari kwa gharama ya nusu siku, na samaki umerudi nao.

Tairi. Hapa nina ugomvi na ushauri mmoja unaotolewa kwa nia njema kabisa: "Unakwenda kwenye joto, punguza upepo, tairi lisipasuke." Ni kinyume. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja pembeni kila linapozunguka, na huko kujikunja ndiko kunakozaa joto linalolipasua. Fuata kipimo kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva, na kama umejaza watu na mizigo, tumia kile cha mzigo kamili kikiwepo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Upepo utaongezeka wenyewe, takriban psi moja kwa kila nyuzi tano au sita za joto, kwa hiyo tairi ulilopima Uyole alfajiri litasoma zaidi ukilipima mchana Mtera, kwenye bwawa lililo njiani kwenda Dodoma. Hiyo si hitilafu, usiutoe. Soma pia umri wa tairi: tarakimu nne za mwisho wa maandishi ya DOT, 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi za mtumba zina kashata (yale meno ya tairi) nzuri huku mpira umeshazeeka, na jua halitazami kashata.

Breki nitazigusa tu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakinyonya, kiwango chake cha kuchemka hushuka; kwenye Nyang'oro au Kitonga hilo si jambo la darasani. Yabadilishwe kama yana zaidi ya miaka miwili, na uteremke kwa gia ya chini. Wenye otomatiki, zile gia za L, 2 na B hazikuwekwa kwa urembo.

Huko Marekani, Death Valley, ambako mwaka 1913 kulipimwa nyuzi 56.7, kwenye miinuko kuna vibao vinavyowaambia madereva wazime AC, na yamewekwa matangi ya maji ya rejeta kando ya barabara. Sisi hatuna matangi. Lita kumi za maji za gari na nyingine kumi za watu ziwe kwenye buti, na dalili ya kwanza mshale ukipanda, zima AC, fungua vioo, washa hita hadi mwisho. Ndiyo, hita, mchana wa Oktoba. Ni rejeta ndogo ya pili. Inatoa joto kwenye injini na kukumwagia wewe. Mama alilalamika sana tulipofanya hivyo kuipanda Nyang'oro wakati wa kurudi, lakini mshale ulishuka. Ukifika kwenye nyekundu, hakuna hila tena: egesha, zima, subiri robo tatu saa kabla ya kugusa chochote. Anayesema "nitafika tu hapo mbele" ndiye anayeunguza gasketi.

Na saa ya kusafiri ni sehemu ya matengenezo. Mbeya hadi Iringa ni safari ya nusu siku au zaidi, kwa hiyo anayelazimisha kufika Dodoma siku hiyohiyo lazima aikute Mtera jua likiwa kali. Mimi sasa nalala Iringa. Saa kumi na mbili asubuhi nashuka, Mtera naipita maji ya bwawa yakiwa bado yana ubaridi wa usiku, na kilometa 260 hivi za kutoka Iringa zinaisha kabla jua halijakolea. Gharama ya chumba kimoja cha wageni ni ndogo mno kuliko silinda hedi, kichwa cha injini.

Mwaka huu tunakwenda tena, mjukuu anatimiza mwaka. Themostati mpya imo, mfuniko mpya, kulanti ya kijani haina hata chembe ya kutu. Jumamosi iliyopita tulipanda kutoka Kyela saa saba mchana na mshale haukusogea. Viazi nimepunguza, mama amekubali kwa shida. Kimebaki kimoja: Ijumaa alfajiri, kabla sijawasha injini, kupima upepo wa tairi zote tano.